Miche Niliyoileta kutoka Masukulu

Mgomba wa kwanza ulianguka Jumapili mchana tukiwa mezani, na siku hiyo hapakuwa na upepo.

Tulikuwa tumetoka kanisani. Mvua ilikuwa imetuachia kidogo, na mama mkwe wangu ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kupakua mbalaga, zile ndizi mbichi zinazopikwa na maharage mpaka zinashikana. Tukasikia kishindo nyuma ya nyumba, kizito, kama gunia lililolowa limeshushwa vibaya kutoka kwenye gari. Mume wangu akasema labda ng'ombe wa mtu ameingia shambani. Binti yetu, ambaye yuko kidato cha pili, aliinua macho kutoka kwenye sahani akaniangalia mimi, kwa sababu alijua nani atanyanyuka kwanza. Nilikuwa nimeshanyanyuka.

Pale mezani hakuna aliyeshangaa. Mimi sijui kukaa. Kwa miaka mingi nilifanya kazi na watafiti kwenye msitu wa Mlima Rungwe, nikitega wadudu, nikiwachora na kuandika walikopatikana, na kazi ile ilinizoesha kutembea huku natazama. Mradi ulipofungwa nilirudi hapa Kyimo na miguu ileile. Sasa nafundisha baiolojia siku tatu kwa wiki katika shule moja ya sekondari, na siku zinazobaki nazunguka bustani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nyigu akipita na kidonge cha udongo mdomoni, namfuata mpaka nijue anajenga wapi. Kwenye dirisha la jiko langu nimepanga chupa tupu za jamu zilizofunikwa kwa vipande vya chandarua, na ndani yake viwavi wanakula majani ya mlimau, kila chupa na karatasi yake ya tarehe.

Mume wangu ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai, mtu asiye na papara, na amezoea kukifunika chakula changu kwa sahani nyingine bila kusema neno. Mama mkwe anaishi nyumba ndogo ng'ambo ya ua, lakini tunakula pamoja. Msimu wa kumbikumbi yeye huwakaanga kwa chumvi kidogo, na mimi huwachomoa wachache kutoka kwenye kikaango kabla hawajakauka, nikawaangalie vizuri kwenye mwanga. "Mke wako anachunguza mpaka chakula," aliwahi kumwambia mwanawe. Hakulisema kwa ubaya.

Nilipofika shambani nikakuta mgomba umelala, mkungu wake mchanga umezama kwenye matope. Haukuwa umekatika. Ulikuwa umeng'oka mzima, na mizizi iliyobaki ilikuwa michache na myeusi. Nikachukua panga nikalipasua tunguu, kile kitako cha mgomba kinachokaa chini ya udongo. Ndani kulikuwa kumetobolewa kila upande, njia nyeusi zinazopishana, na katika njia mojawapo alijikunja funza mweupe, mnene, asiye na miguu, kichwa chekundu kama punje ya mtama.

"Fukusi wa migomba," nikasema. "Sijawahi kumwona huku kwetu."

Nililisema kwa furaha. Nilikuwa nimechuchumaa na kioo changu cha kukuzia, nguo ya kanisani inaburuta matopeni, nikitabasamu hadi jino la mwisho. Nilipoinua uso nikamwona mama mkwe amesimama karibu yangu, mwiko bado uko mkononi. Hakuwa anamtazama funza. Alikuwa ananitazama mimi.

Migomba ile aliipanda marehemu baba mkwe, walipokuwa wameoana karibuni. Kaburi lake lenyewe liko upande wa juu wa shamba, limesakafiwa kwa saruji, na majani ya migomba yanalifunika nusu. Kwa mama mkwe, mgomba wa pale kuanguka halikuwa jambo la elimu ya wadudu. Nilikuwa nalijua hilo. Lakini kwa dakika zile chache nililisahau kabisa, na yeye aliona kwamba nimelisahau.

Wiki hiyo ikaanguka miwili mingine.

Siku ulipoanguka wa tatu, jioni, tulikuwa tunakula ugali na majani ya maboga. Mama mkwe akanawa, akamega tonge, akalishika bila kulila.

"Wale wa kwenye chupa zako," akaniambia, "hakuna waliotoroka?"

"Mama, wale ni viwavi wa vipepeo. Hawali migomba."

"Mimi najua wadudu ni wadudu. Nimekaa hapa tangu nikiwa binti, sijaona mgomba unalala wenyewe bila upepo. Chupa zimekuja, migomba inalala."

"Mama," mume wangu akaingilia taratibu, "huyu ndiyo kazi yake. Anawajua."

"Basi kama anawajua, aniambie wametoka wapi."

Ningeweza kusema sijui. Darasani huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba "sijui" ni jibu kamili, na wakiliandika kwa uaminifu nitawapa haki yao. Lakini maneno yale ya chupa yalikuwa yamenichoma, na nilikuwa tayari nimesimama, nimeegemea fremu ya mlango, nataka kwenda nje na sina pa kwenda.

"Wanatoka kwa jirani," nikasema. "Angalia shamba la mama mdogo. Migomba waliyokwisha kuvuna wameiacha inaoza chini. Fukusi wanazaliana humo, halafu wanatembea mpaka kwetu. Ni hatua chache tu."

Huyo tunayemwita mama mdogo si ndugu wa damu. Ni mke wa mfanyabiashara anayeuza vitambaa mjini Tukuyu, watu wa dini ya Kiislamu, na shamba lao linapakana na letu. Mama mkwe anamwita mdogo wake, na sisi wote tukafuata. Kila Ijumaa alikuwa akituletea vitumbua, na mama mkwe akimrudishia chombo kikiwa na maziwa mgando. Baba mkwe alipofariki, mwanamke yule alipika uani kwetu siku zote za msiba, mpaka nyusi zikaungua kwa moto.

Mama mkwe alilitazama tonge lake. Akalila, akaomba maji. Mimi nikarudi kukaa, nikamaliza ugali wangu wote, jambo la nadra, kama mtu aliyeshinda hoja.

Kesho yake niliporudi kutoka shuleni nikamkuta binti yangu ananisubiri kwenye kona ya nyumba.

"Mama, Bibi amemaindi vibaya. Wamegombana na bibi wa jirani pale mpakani. Watu walikuwa wanapita, wakasimama."

"Wamegombania nini?"

"Bibi kamwambia uchafu wake ndio unaangusha migomba ya Babu. Yule bibi akakataa. Bibi akasema si maneno yake yeye, ni wewe uliyepima ukaona."

"Kasema nimepima?"

"Ndiyo. Kasema, 'Mkwe wangu amepima.'"

Sikuwa nimepima kitu chochote. Sikuwa hata nimevuka mpaka kutazama.

Ijumaa vitumbua havikuja. Mama mkwe aliyamimina maziwa mgando yote kwenye mabakuli yetu, mengi kuliko kawaida, na tukala. Binti yangu alijaribu kusimulia habari ya shuleni, akaishia katikati.

Ndipo nikafanya kile nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikachukua migomba iliyovunwa, nikaikata vipande vya urefu wa mkono, nikavipasua katikati na kuvilaza chini ya kila shina, upande uliopasuliwa, wenye majimaji, ukitazama udongo. Fukusi hupenda unyevu ule. Hutembea gizani, na kukipambazuka hujificha chini ya kipande. Nilianzia mpakani kwa jirani nikashuka mpaka kona ya chini, karibu na mfereji. Siku ya tatu asubuhi nikaanza kuvigeuza, binti yangu akiwa nyuma yangu na daftari, amevaa sweta juu ya sare.

Vipande vya mpakani havikuwa na kitu. Cha kwanza hakuna, cha pili hakuna, cha tatu jongoo na minyoo. Katikati ya shamba tukampata fukusi mmoja, mweusi, mdogo kuliko punje ya maharage, mdomo wake mrefu umeinama chini. Nilipomgusa akakunja miguu akalala chali.

"Wanafeki kufa," binti yangu akasema.

"Ndiyo zao. Subiri kidogo utamwona anaamka."

Tulipofika kona ya chini nikageuza kipande kimoja tukakuta kumi na wanne. Chini ya cha pili walikuwa wengi zaidi, wengine wameshikana wawili wawili. Binti yangu aliandika huku anasema namba kwa sauti, halafu akatazama shina, akanitazama mimi.

"Mama, hii si ndiyo ile migomba uliyoileta wewe kutoka kwa shangazi yako?"

Nikamwambia asichelewe shule, aende.

Nilitega tena. Nilijiambia kwamba mara moja haitoshi, jambo ambalo ni kweli, lakini sikulisema kwa ajili ya ukweli. Nilitaka kona ile itoe jibu lingine. Haikutoa. Siku zile nilitembea sana. Nilikwenda mpaka barabara ya lami na kurudi bila kununua kitu. Darasani nilifundisha somo moja mara mbili kwa kidato kilekile, na wanafunzi wakaniacha nimalize kwa heshima. Mezani, badala ya kuamka, nilikaa mpaka mwisho, nikisogeza viazi kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine. Mume wangu akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi nikapanda pikipiki nikateremka Masukulu.

Kule ni chini kuliko kwetu na kuna joto; ukishuka unahisi sweta linakuwa zito mwilini. Shangazi yangu, dada wa baba, analima migomba huko tangu nimezaliwa. Alinipokea kwa magimbi na chai ya maziwa, na kabla sijamaliza kikombe nikamuuliza kama shamba lake lina fukusi. Akacheka. Akanichukua mpaka kwenye shina la karibu, akageuza gogo kwa mguu, nao wakawa pale, wanajifanya wamekufa.

"Wapo siku zote," akasema. "Tunaishi nao. Ardhi ikiwa na mbolea mgomba unavumilia. Kwani huko kwenu wamefika?"

"Wamefika."

Akalirudisha gogo kwa mguu. "Lakini si nilikuambia? Nilikuambia umenye mizizi yote mpaka tunguu liwe jeupe, halafu uichovye kwenye maji ya moto. Maji nilikuwa nimeyabandika. Ukasema unakuja."

"Sikurudi?"

"Ulirudi jua limekwenda. Dereva wa pikipiki alikuwa amekwisha kukasirika. Ukaitia miche kwenye kiroba na udongo wake, ukaondoka. Nikasema, huyu mtoto wa kaka yangu, siku moja atasahau kichwa."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemwona mbawakawa wa kijani akivuka njia, kijani cha kung'aa kama bati jipya, nikamfuata mpaka mtoni. Niliporudi nyumbani kwangu siku hiyo nilimchora ukurasa mzima kwa rangi. Kuhusu miche niliandika mstari mmoja: imepandwa kona ya chini. Na nilipokuwa naipanda, naam, wazo la fukusi lilinipitia. Nikajiambia kwamba fukusi hawezi baridi ya Kyimo. Nilijiambia hivyo kwa sababu vinginevyo ningelazimika kukaa chini na kisu, nimenye mche mmoja baada ya mwingine, na mwili wangu haukutaka kukaa.

Jioni nilimweleza mume wangu. Alikuwa kwenye beseni nje ya jiko anatoa grisi mikononi kwa sabuni ya unga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Acha kwanza," akasema. "Wale wazee wamegombana mara ngapi wakapatana? Ukisema sasa hivi, utamwaibisha Mama. Ni yeye aliyesimama mpakani."

Hakukosea. Aibu ingemfikia mama mkwe kabla ya kunifikia mimi, kwa sababu mimi nilisemea mezani, yeye alisemea njiani. Nikakaa na maneno hayo Jumapili na Jumatatu. Jumatatu mama mkwe alirudi kutoka dukani kwa njia ndefu ya kuzunguka, akiwa na kilo ya sukari kichwani na mvua inamnyeshea, ili asipite mlangoni kwa mwenzake. Nilimwona kupitia dirisha la jiko, nyuma ya chupa zangu.

Jumanne siendi shule. Asubuhi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko lake anamenya ndizi, maganda yanaanguka kwenye ungo. Nikavuta kigoda kingine, nikachukua kisu, nikaanza kumenya. Utomvu ulikuwa umeshaifanya mikono yake iwe myeusi.

"Leo hakuna mdudu wa kumfuata?" akauliza.

"Nina neno, Mama."

"Sema."

Nikasema yote. Miche, maji ya moto, mbawakawa, vipande nilivyotega, kona ya chini. Nikasema kwamba kwa jirani sikupima kitu, na kwamba nilisema vile kwa kuwa nilikuwa nimeudhika. Aliendelea kumenya wakati wote. Ndizi zilipoisha akaosha kisu, akakifuta kwenye khanga.

"Ulijua lini?"

"Nilihisi wiki iliyopita. Jumamosi nikahakikisha."

"Na leo Jumanne."

"Ndiyo, Mama."

"Jana nimelowa bure, basi."

Nikasogeza ungo wa maganda pembeni. Akatazama upande wa migomba. Nilitegemea anikaripie, na nadhani ningepumua kama angenikaripia.

"Lakini mdomo ulikuwa wangu," akasema mwishoni. "Wewe hukunituma. Twende."

Akabadilisha khanga, akavaa viatu vya kanisani. Nikauliza kama nichukue maziwa.

"Leo hatubebi kitu. Tukibeba kitu ataona tumekuja kumnunua."

Mama mdogo alikuwa barazani kwake anachambua mchele kwenye ungo. Tulipiga hodi, na jibu la karibu lilichelewa. Wao wawili wakasalimiana kwa Kinyakyusa, salamu ndefu ya kuulizana nyumba na watoto, bila kuangaliana. Mimi nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba akiwa bado anatoa mawe kwenye mchele. Mama mkwe hakusubiri kukaribishwa kiti. Akakaa palepale kwenye ukingo wa baraza.

"Mdogo wangu, nimekukosea. Wale wadudu si wako. Tumewaleta sisi."

"Ni mimi, mama mdogo," nikasema. "Nilileta miche ambayo haikusafishwa. Halafu nikasema wametoka kwako, na sikuwa nimepima."

Akaweka ungo chini. Ndipo akanitazama.

"Uliposema ni kwangu, ulikuja kuangalia?"

"Hapana."

"Wewe umeshawahi kumfuata nyigu mpaka nyuma ya choo changu. Nikakukuta umelala kifudifudi, nikafikiri umeanguka kifafa. Mbona siku hiyo uliweza kuja?"

Akainuka, akakung'uta pumba za mchele kwenye khanga.

"Njooni," akasema.

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Kando ya ua walikuwa wamerundika migomba iliyokatwa, mashina matatu mazima pamoja na watoto wake, na baadhi yake ilikuwa na mikungu ambayo haijakomaa. Majani yalikuwa bado hayajakauka vizuri.

"Nilibishana na dada yangu pale mpakani," akasema, "lakini nilivyoingia ndani nikamwambia mume wangu, pengine ni kweli, maana yule binti amesoma mambo hayo. Akaita vijana wakafyeka na kung'oa upande wote ule, ili tusiwe sisi tunaoharibu shamba la marehemu."

Nikapiga magoti kwenye rundo. Nikageuza tunguu la kwanza, nikalikata kwa kisu changu cha mfukoni. Lilikuwa jeupe kama muhogo, bila tundu. La pili vilevile. La tatu sikulikata. Nilibaki nimepiga magoti pale, na kwa mara ya kwanza kwa wiki nzima sikutaka kwenda popote, wala kuinuka.

Nyuma yangu mama mkwe alianza kuzungumza Kinyakyusa, polepole, na mwenzake akajibu. Waliongea mambo yao, mengine ya zamani ambayo sikuyajua, ya mwaka ambao mmoja aliugua na mwingine akamnyonyeshea mtoto. Sikugeuka. Walipomaliza mama mdogo akaniambia kwa Kiswahili, "Nimesikia." Hakusema amesamehe. Akatuletea chai, akaanza kummiminia mama mkwe, akanimiminia mimi mwisho, nikanywa.

Kilichofuata kilikuwa kazi. Mume wangu aliomba ruhusa kiwandani, tukang'oa kona yote ya chini, tukayakata matunguu vipande vidogo na kuyaanika juani, siku ambazo jua lilikubali kutoka. Fukusi walikuwa wameshapanda juu kuliko nilivyofikiri, kwa hiyo ilibidi tung'oe na migomba kadhaa ya marehemu. Mama mkwe mwenyewe ndiye alikuwa anatuonyesha, huu, na huu. Kwenye mmojawapo alisimama, kiganja kiko juu ya shina, muda mrefu kiasi kwamba mume wangu aliteremsha jembe. Halafu akasogea pembeni. "Ung'oe," akamwambia mwanawe, akaenda kupika.

Miche ya kumfidia jirani migomba aliyoing'oa bure niliifuata Kinyala, nilikozaliwa, ambako ni juu zaidi, na safari hii nilitega kwanza siku tatu nikaangalia kabla ya kung'oa. Nilimenya mizizi yote hukohuko. Nyumbani tukachemsha maji kwenye pipa lililokatwa nusu, na mama mkwe akakaa na simu ya mjukuu wake mkononi akipima dakika. Mama mdogo akaja kukagua. Aligeuza mche mmoja mmoja mbele ya macho, akarudisha miwili akisema ina doa. Haikuwa na doa lolote. Nikaimenya tena.

Siku ya kupanda alisimama juu yangu tangu asubuhi. Mashimo alitaka yawe ya kina cha goti, na samadi ichanganywe na udongo wa juu, si wa chini. Mchana nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao, alipita karibu na sikio langu akaelekea kwenye nguzo za banda lake. Nikainua kichwa.

"Chimba," akasema.

Nikachimba.

Vitumbua vilirudi baada ya wiki nyingi, na siku ya kwanza vilikuja vichache, vimefunikwa kwa kitambaa. Mama mkwe alivihesabu kwa macho, akampa kila mtu kimoja, akatuambia tusiseme neno. Tangu hapo mimi sipandi kitu katika shamba letu bila mama mkwe kukiona mizizi. Anakishika, anakinusa, ananirudishia. Chupa zangu bado ziko dirishani, kwa kuwa jiko lile ni langu. Kwenye nyumba yake sizipeleki, na hajawahi kuniuliza ndani yake kuna nini. Sijui kama ananiamini. Sijamuuliza.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, siku moja mchana, tukiwa tunakula kande, mama mdogo aliniita kutoka mpakani. Hakumtuma mtu. Nilimkuta amesimama kwenye migomba ile niliyoipanda, ambayo sasa imenipita urefu, kipande cha mtego kimegeuzwa miguuni pake. Mimi ndiye niliyemfundisha kuvitega, naye huvikagua kila wiki.

"Angalia hiki," akasema. "Nimekuita wewe kwanza. Sijamwambia mtu."

Nikachuchumaa. Alikuwa mmoja tu, mweusi, mdomo umeinama, amekunja miguu. Nikasubiri mpaka akaanza kuinyoosha, mguu mmoja, kisha mwingine, akajigeuza, akaanza kutembea kuelekea kwenye shina.

"Ni yeye," nikasema. "Na huyu ametoka kwetu, mama mdogo. Siwezi kukuficha."

"Najua ametoka kwenu. Mimi nakuuliza tunafanyaje."

Nikamwambia anipe panga. Mama mkwe alikuwa ameshafika, anatafuna bado, na bila kuuliza akaanza kukusanya magogo ya migomba iliyovunwa na kuyaburuta kwangu. Nikawa napasua, mama mdogo akilaza, shina kwa shina, kutoka nyumba yao mpaka mpakani na kuvuka kuingia kwetu, mpaka mvua ilipokuja kwa nguvu na kutukuta katikati ya safu ya tatu.